Salamu Zilizomaliza Betri

Shingo ya Maduhu ilijulikana kutoka Maganzo mpaka Mhunze. Wanaosema ilikuwa nene kama kinu wanaipunguza. Enzi zile anapakia pamba kwenye malori ya Narendra, robota zima liliteleza kutoka juu ya lori, likamwangukia shingoni, likapasuka pamba ikatawanyika kama kuku amenyonyolewa. Yeye akageuka akauliza nani kamgusa. Ndiyo maana wapima mawe walipokuja kutafuta watu wa kupanda nao milima ya magharibi ya Geita, hawakumwuliza kama anajua kusoma. Walimtazama shingo, wakampa betri.

Ilikuwa betri ya lori, si ya gari dogo. Kazi yake ilikuwa kuilisha simu ya upepo, lile boksi la chuma ambalo ukibonyeza kitufe unasema na ukiachia unasikia, na mtu wa mbali kabisa anakujibu kama yuko nyuma ya mlango. Boksi alilibeba Ignas, mkuu wa msafara, kijana wa Bukoba aliyesomea mawe mpaka akawa na uso wa jiwe. Maduhu alibeba betri na waya. Kila walipopiga kambi alipanda mti mrefu kuliko yote, akafunga ncha ya waya huko juu karibu na mawingu, akashuka na kuketi kando ya betri kama mtu aliyeleta ng'ombe wake mnadani. Wenzake wanaapa kwamba alipoitua chini, fuko walikuwa wanahama.

Siku ya kuandikwa kazi aliweka sharti moja tu. Wengine walitaka mabuti, wengine nyama. Yeye alisema, "Kila Jumapili saa kumi jioni niongee na mama yangu."

"Kwa kutumia nini?" Ignas akauliza.

"Boksi hilo."

"Mama yako ana boksi?"

"Hana. Narendra analo."

Na kweli, duka la Narendra pale Maganzo lilikuwa na simu ya upepo kwa ajili ya malori ya pamba. Aliyeishika alikuwa mkewe, Bhavna, ambaye hakuna aliyemwita Bhavna. Alikuwa Mama Rushabh kwa watu wote, wachimba almasi na wafuga ng'ombe. Alizaliwa nyuma ya duka lile lile, na Kisukuma chake kilikuwa safi hivi kwamba wazee waliofumba macho walimwuliza ukoo wake. Ila kwenye simu hakuwa na muda wa adabu. "Lori liko wapi? Tairi limefanyaje? Ova." Madereva waliomzoea walimwogopa kuliko askari wa barabarani. Lakini alimpenda Maduhu tangu siku ya robota, akakubali.

Sharti hilo lilikuwa na mzizi. Baba yake Maduhu alifariki wakati yeye yuko Mwakitolyo, ndani ya shimo la dhahabu. Alipotoka, mwili mzima vumbi, alikwenda kunywa chai kwa mama mmoja, na yule mama, huku anakoroga sukari, akamwambia, "Wewe si wa kule Maganzo? Baba yako walishamzika." Hakumsalimia. Hakumpa hata pa kukaa. Maduhu alirudi nyumbani akakuta watu wameshanyoa nywele na msiba umeshaanuliwa. Mama yake alimwona mwanawe amesimama mlangoni na ule mdomo wake wazi, akasema neno ambalo hakulisahau: "Mimi hawataniibia hivyo. Siku yangu ikifika nitakuaga mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

Sasa miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba. Na Maduhu alikuwa mwanawe wa pekee.

Mwaka ule ulikuwa wa Elinino. Mvua ilinyesha mpaka kambale wakawa wanapita barabarani bila kuuliza njia. Gari la msafara lilikwama ng'ambo ya mto. Dereva wao, Athanas, akabaki nalo, wengine wakavuka wakaendelea kwa miguu, mlima baada ya mlima. Shida ni kwamba betri ilikuwa inapewa nguvu na lile gari. Kuanzia hapo watu wakawa wanaigawana kwa kijiko: asubuhi neno moja la Ignas kwa wakubwa wake, basi, funga. Na Jumapili, dakika chache za Maduhu.

Mama hakuweza kutembea mpaka dukani, kwa hiyo alikuja Paskazia, mke wa Maduhu, kwa miguu, na mtoto wao Luka mgongoni. Saa kumi ikifika duka lilijaa kuliko siku ya mnada. Wachimba almasi waliegemea kaunta wakijifanya wanachagua sigara. Na huko kwenye upepo walikuwapo madereva, kutoka Kahama mpaka Nzega, wamesimamisha malori pembeni, kila mmoja na sikio lake.

"Mwadila, Baba Luka," Paskazia alikuwa akisema, ndiyo salamu ya jioni.

"Mwadila, Mama Luka."

"Mhola?"

"Mhola."

"Mlimani mhola?"

"Mhola tu. Nyumbani mhola?"

"Mhola. Ng'ombe mhola. Jirani mhola. Paa limevuja, mhola."

Jumapili ya pili Ignas hakuvumilia. "Mnaulizana amani, mnajibu amani, kisha mnaulizana tena. Betri inakwisha. Mwulize mama anaendeleaje, mzime."

"Ndiko tunakokwenda, bosi."

"Si ameshasema ni amani?"

Maduhu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayekula ugali kwa kijiko. "Mhola ni kizingiti cha mlango, bosi. Hata mwenye maiti ndani atakujibu mhola. Mnasalimiana mpaka mnamaliza watu wote, ndipo mnaingia ndani, mnakaa, mnapewa habari. Ukianza na habari umevunja mlango."

"Na kama nyumba inaungua?"

"Utaona moshi. Moshi hausalimiwi."

Madereva walisikia, maana Maduhu alikuwa amesahau kuachia kitufe. Wiki nzima walipokutana njiani waliambiana, moshi hausalimiwi, wakacheka. Na habari za ndani zilipofika siku hiyo zilikuwa nafuu: mama amekula, mama amemtukana jogoo, mama anasema simu yao ni uchawi wa kivivu.

Basi ikafika Jumapili ile. Walikuwa juu ya kilima chenye msitu, ukungu umewafunika mpaka mtu akinyoosha mkono anapoteza vidole. Maduhu alipanda, akafunga waya, akashuka. Kwenye boksi kulikuwa na taa ndogo nyekundu, na Ignas alikuwa anaikodolea macho kama mgonjwa anayetazama dripu.

"Ongea haraka. Imebaki kidogo sana."

Maduhu alibonyeza, akaita. Aliyejibu hakuwa Paskazia.

"Maduhu."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Alijikuta amepiga goti kwenye matope.

Baadaye alikuja kusimuliwa mama alivyofika. Alidai apelekwe. Paskazia alimkatalia, akagoma kula. Akatandikiwa ngozi kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na ng'ombe wakavuta tope mpaka Maganzo tangu kungali giza. Mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga duka la Narendra, kwa sababu alisema linanuka binzari na haraka.

"Mwadila, mwanangu."

"Mwadila, mayu."

"Mhola?"

"Mhola."

"Huko mlimani mhola?"

"Mhola. Nyumbani mhola?"

"Mhola. Mkeo mhola. Luka mhola, ameota jino la mbwa." Alivuta pumzi ndefu yenye mluzi ndani yake. "Wenzako mhola?"

"Mhola, mayu."

"Na huyo mkubwa wenu? Mama yake yu hai?"

Maduhu alimgeukia Ignas. "Mama anauliza kama mama yako yu hai."

"Yu hai. Maduhu, betri."

"Yu hai, mayu."

"Mpe salamu. Ana ng'ombe wangapi?"

"Anauliza mama yako ana ng'ombe wangapi."

"Hana ng'ombe. Ana migomba. Mwambie aseme alichokuja kusema."

"Hana ng'ombe, mayu. Ana migomba."

Mama aliguna kama mtu anayepokea habari ya msiba. "Basi mpe pole."

Dukani watu walicheka, na kicheko kikaja mpaka mlimani. Hata Ignas mdomo ulimcheza. Lakini Maduhu hakucheka. Alikuwa amesikia ule mluzi. Alijua mama yake hakujikokota mpaka dukani ili kuuliza migomba, na alijua pia kwamba hawezi kumkata. Mtoto hamwambii mama yake aharakishe salamu. Afadhali amkanyage mguu. Ulimi wake ulikuwa tayari umebeba yale maneno, mama sema, betri inakufa. Ukayabeba, ukayatua, ukayabeba tena, kisha mama akauliza hali ya waya, naye akajibu, mhola.

Mwishowe akasema, "Haya. Tumesalimiana. Sasa ninyi mliojaa hapa dukani, tokeni nje."

Miguu ikasikika ikiburuzika.

"Na wewe, binti yangu Mama Rushabh. Nimeona pa kubonyeza, kidole ninacho. Toka. Funga mlango." Mlango ukalia. "Na ninyi madereva mlio kwenye upepo. Najua mpo, nasikia mnavyopumua. Hii ni habari ya mtu na mwanawe. Zimeni."

Wanasema simba wakinywa maji na mbuzi ni ajabu. Ajabu ni madereva wa malori kutii. "Kahama nazima, bibi." "Tinde nazima, bibi." "Nzega nazima, utusamehe." Mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiaga kwa heshima zote, na kila heshima ikila kipande cha betri, mpaka upepo mzima ukawa mtupu kama zizi mchana. Waliobaki ni wawili tu.

"Sasa, Maduhu," akasema mama.

Ile taa nyekundu ikasinzia, ikafumba.

Maduhu alibonyeza. Aliachia. Alibonyeza tena. Akaikumbatia betri kifuani, akaitia ndani ya koti, akaihemea kama mtu anayempasha moto mwana-kondoo. Mawe ya tochi yakiisha watu huyaanika juani yakapata nguvu kidogo ya kumalizia usiku. Lakini jua lenyewe hawakuwa wameliona tangu waingie msitu ule.

"Mbona amesema kila kitu ni amani," Ignas akasema, sauti chini. "Mimi mwenyewe nimesikia, si mara moja."

"Bosi, alikuja mwenyewe."

Labda Ignas alimkumbuka mwenye migomba. Alinyanyua boksi, akamtundika Maduhu begani upande ule ambao betri haikuwepo. "Mfuate Athanas kwenye gari. Ukishaijaza, ongea na mama kwanza. Wakubwa watasubiri."

Alishuka. Wenye kupima njia kwa macho wanasema pale mtu mzima hutembea siku mbili. Maduhu aliimaliza kabla nguo zake hazijajua kama zimelowa jana au leo. Alitelezea makalio yake kwenye miteremko, betri begani haikugusa ardhi. Alipofika mtoni maji yalikuwa yamefura, mekundu, yanabeba miti mizima. Athanas, mtu mfupi wa Bariadi mwenye kofia isiyovuliwa hata kulala, alimrushia kamba kutoka ng'ambo. Maduhu akaweka betri kichwani, boksi juu ya betri, akaingia. Maji yalipanda mpaka kifuani, yakapanda mpaka begani; yalipofika kwenye ile shingo, Athanas anaapa kwa marehemu bibi yake, yaligawanyika yakapita pembeni.

"Washa gari," ndilo neno pekee alilosema alipofika.

Injini iliwashwa. Betri ilifungwa nyaya. Maduhu alipanda mgunga uliokuwa juu ya ukingo, miba ikimchana, akafunga waya, akashuka. Athanas alitaka kumsaidia kuita, akamzuia. Akabonyeza, akaita Maganzo. Ilikuwa alasiri, saa ya malori. Alijua kitakachojibu: liko wapi, limefanyaje, ova.

"Maduhu," ikajibu sauti ya Mama Rushabh. Kisha ikasema, polepole, "Mwadila, Maduhu."

Mama Rushabh, ambaye kwenye simu ile alikuwa hajawahi kumsalimia mtu.

Maduhu alishika bati la gari. "Mwadila, mama."

"Mhola?"

"Mhola."

"Huko uliko mhola?"

"Mhola."

"Njiani mhola? Mto umevuka mhola?"

"Mhola, mama."

"Wenzako mhola? Na Ignas? Na mama yake wa migomba, mhola?"

Athanas, ambaye ni Msukuma wa kuzaliwa, alikuwa ameshavua kofia.

Mama Rushabh alisalimia kama wanavyosalimia wazee wa Kishapu, hakuruka mtu. Na Maduhu, ambaye juzi yake alikuwa anasali salamu ziishe, sasa alikuwa anasali zisiishe. Betri ilikuwa inajaa, injini inanguruma, taa nyekundu imewaka kama jicho la jogoo. Wangeweza kuongea mpaka kesho. Yeye alipomaliza kuulizwa alianza kuuliza. Narendra mhola? Mhola. Rushabh, masomo mhola? Mhola. Malori mhola? Mhola, yote. Yule paka wa dukani mwenye sikio moja? Mhola, amezaa. Watoto wangapi? Watatu. Mhola? Mhola. Aliuliza hali ya mizani. Aliuliza hali ya mlango, kwa kuwa alikumbuka ulivyolia. Mama Rushabh alijibu kila kitu kwa utaratibu, hakuna hata mara moja aliyosema ova kwa haraka. Mpaka ikafika mahali ambapo duniani hapakubaki mtu wa kuulizwa hali isipokuwa mmoja.

Mto ulisikika. Kisha Mama Rushabh akamwambia.

Mama yake Maduhu alikuwa ameondoka usiku ule ule wa Jumapili, baada ya mkokoteni kumrudisha. Wamemzika jana. Walijaribu kumngoja, lakini hakuna aliyejua atapatikana wapi, na mvua ilikuwa inalijaza kaburi maji.

"Alisema nini?" Maduhu akauliza. "Mlipotoka. Alisema nini?"

"Sikusikia, ndugu yangu. Aliniambia nitoke, nikatoka. Nilimwona tu kupitia dirishani. Amebonyeza, hakuachia hata kidogo, ndiyo maana hakujua kwamba wewe huko umezimika. Aliongea muda mrefu. Mahali fulani alicheka. Mahali fulani alikunyooshea kidole, akaligombeza boksi. Alipomaliza aliifuta ile simu kwa kitenge chake, akaitundika pale pale alipoikuta, akafungua mlango akatuambia, 'Nimeshamuaga.' Nikakuita, hukuitika."

"Hamkumwambia?"

"Nani angemwambia, Maduhu?"

Maduhu alikuwa ameshaachia kitufe na hakukibonyeza tena. Aliuendea mgunga, akaupanda ili afungue waya. Hakushuka mapema. Mama Rushabh aliita, akaita tena, akiuliza kama anasikika, na Athanas ikabidi ashike yeye, ambonyezee, amjibu: "Anakusikia, mama. Yuko juu."

Alirudi Maganzo mvua zilipokata. Kwenye kaburi nyasi zilikuwa zimeshapata urefu wa mbuzi. Paskazia alimnyoa nywele, wakakaa chini siku zake, watu wakaja, wakasalimia sawasawa. Wapima mawe walimtumia ujumbe kwamba kuna mlima mwingine. Akajibu betri wampe mtu mwingine mwenye shingo.

Akarudi kupakia pamba kwa Narendra. Lakini tangu hapo, kila lori liliposimama, kabla ya kupandisha robota la kwanza, alimfuata dereva. Walisalimiana wakamaliza watu wote, kisha akauliza, "Jumapili ile mama yangu aliposema mzime, ulizima?"

Wote walikuwa wamezima. Wa Kahama alizima. Wa Tinde alizima, na kwa usalama akashuka kwenye lori akasimama mbali. Hata yule wa Nzega, ambaye anajulikana kwa kusikiliza mambo ya watu mpaka sikio moja limekuwa kubwa kuliko jingine, alizima, na alipoulizwa alilia, kwa maana aliona aibu ya kutii mara moja maishani na ikawa siku hiyo.

Msimu wa pamba uliofuata alikuja dereva kijana, mgeni njia ile, ambaye wenzake walikuwa wamemsimulia. Alimwonea huruma Maduhu. Walipomaliza salamu akasema, "Mimi sikuzima, mzee. Nilisikia kila kitu. Alisema, 'Mwanangu mpendwa, nakuachia baraka zangu, ishi kwa amani.'"

Maduhu alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha ile shingo. Katika maisha yake yote mama yake alikuwa hajamwita mpendwa. Alimwita kichwa cha nyundo, alimwita mla vya watu, siku za sikukuu alimwita jina lake.

"Asante, mwanangu," akasema. Akamnunulia chai, akamwekea sukari mwenyewe. Kisha akatoka nje, akasimama kando ya barabara, akatazama vumbi la lori jingine lililokuwa linakuja.